Ubeti wa Paa

Jumapili, 3 Novemba 2024

Daftari hili kaniletea binti yangu Noela kutoka Nyahanga. Kasema, "Mama, umeandika ripoti za wodi miaka thelathini, sasa andika za kwako." Haya, naandika. Mgonjwa wa kwanza ni paa. Mvua ya kwanza imenyesha jana jioni na bati limevuja pale pale pa mwaka jana, juu ya kitanda, upande wangu mimi. Nimestaafu uuguzi hospitali ya Kolandoto mwaka wa nne huu. Wenzangu niliostaafu nao wana nyumba za vigae na makochi yenye vitambaa. Mimi nina beseni.

Kanisani mchungaji kahubiri kwamba aliyempata Kristo huyaona mengine yote kama mavi. Ndiyo, kalitamka hivyo hivyo, wanakwaya tukainamisha vichwa. Njiani nikamwuliza mume wangu Ndaki ameelewa nini, maana hajui kusoma, alibatizwa mtu mzima, na mimi ndiye huwa namfafanulia. Akatembea kidogo akifikiri.

"Mavi ya ng'ombe hayatupwi, Mama Noela," akasema. "Yanapelekwa shambani, yanafanya kazi. Ila sijaona mtu anayelala nayo kitandani."

Nikamwambia mchungaji hakumaanisha hivyo.

Jumatatu, 4 Novemba

Ndaki kaanza. Kila msimu wa kulima ni hivi hivi. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi anasimama katikati ya shamba, jembe begani, anaimba wimbo wake. Nasema wake kwa sababu kautunga mwenyewe. Ujanani alikuwa ningi, yule anayetunga nyimbo za ngoma na kuziongoza, na watu walikuwa wanatembea kutwa nzima kwenda kumsikia. Alipobatizwa akaziacha zote, akatunga huu mmoja.

Ubeti wa kwanza sina neno nao: *Wabeja Yesu, asante Yesu, ng'ombe wangu walikwenda, wewe hukwenda.* Ni kweli. Ng'ombe walikufa wote kwa ugonjwa mwaka ule, na mwaka huo huo akabatizwa. Ndugu zake wakasema kachanganyikiwa. Ubeti wa pili ndio unaoniudhi, maana unahusu paa letu linavyovuja. Jamani! Sauti ya mtu huyu inavuka mto. Kijiji kizima kinajua kwamba Lusia muuguzi analala na beseni. Ubeti huo ukifika mimi naziba masikio, na nimeziba hivyo miaka kumi na moja. Mimi ni sauti ya pili kwaya kuu, nasoma nota. Ule si wimbo.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua. Beseni limejaa mara mbili.

Jumanne, 19 Novemba

Naandika haraka, daftari linisamehe mwandiko.

Ndaki alikuwa anachimba kijilambo huku juu shambani ili ndama wetu wawili wapate maji karibu. Akagonga jiwe jeupe lenye mistari ya kutu. Akaliweka pembeni, akaendelea kuchimba! Ni Hosiana jirani aliyelitambua, kwa sababu aliwahi kuponda mawe machimboni. Habari zikatembea. Leo kaja kijana anaitwa Cornel, kiongozi wa wachimbaji, na wenzake watano, kutoka Kalangalala. Wakalitwanga lile jiwe kwenye kinu cha chuma, wakaliosha kwenye karai taratibu, na chini ya karai ukabaki uzi wa njano, mwembamba kama ukucha wa mtoto.

Nimeuona kwa macho yangu. Nimeona na vigae.

"Shikamoo mama," Cornel akaniambia, kana kwamba ndio kwanza ananiona. "Hapa kwenu kuna mali."

Wanataka kufungua duara, yaani shimo lao la kushuka, na kila jiwe likitoka mwenye shamba ana fungu lake. Ndaki akakuna kidevu. "Mimi nilitaka maji ya ndama tu," akasema. Kisha akanigeukia. "Shamba hili tulilinunua kwa mshahara wako, Mama Noela. Ukisema ndiyo, ni ndiyo."

Nimesema ndiyo kabla hajafunga mdomo.

Jumapili, 24 Novemba

Sikwenda kanisani. Nililinda mahindi yasikanyagwe. Ndaki kaenda peke yake, karudi kanieleza mahubiri yote, neno kwa neno. Sikumbuki hata moja.

Mchana wachimbaji wamemleta mganga, Mzee Nkwabi, mtu mwenye adabu sana, viatu vinang'aa. Kazunguka shamba, kanusa udongo, katoa masharti. Wasioge kwa sabuni. Mwanamke asikanyage kifusi cha duara. Na jina la Yesu lisiimbwe shambani mpaka jiwe litoke, la sivyo dhahabu inakimbia.

Nilidhani Cornel atacheka, ana msalaba shingoni. Wala hakucheka. "Mama, mimi mwenyewe ni Mkristo," akaninong'oneza, "lakini chini kule kuna mengine."

Wakachinja mbuzi mweupe. Ndaki akaambiwa ale nyama kama mwenye shamba. Akasema, "Wabeja, nimeshiba," na alikuwa hajala tangu asubuhi. Wakati anaondoka, Mzee Nkwabi kanipa mimi kijiti cha mzizi kimefungwa kitambaa cheusi, nikiweke ndani ya nyumba pasipoonekana.

Nilipaswa kumrudishia. Nimekitia kwenye mfuko wa Biblia yangu. Ndaki hafungui huko, hajui kusoma.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimemwomba asiimbe.

Nilimwahi asubuhi mlangoni, jembe lipo begani. Nikasema ni wiki chache tu, hawa watu wana imani zao, tusiwaudhi. Nikasema Mungu anasikia hata moyoni. Hayo yote nikayasema haraka haraka, kama mtu anayempa mgonjwa dawa chungu.

Akalishusha jembe. "Dhahabu ikitoka sawa, isipotoka sawa," akasema. "Lakini kama haiwezi kukaa shamba moja na Yesu, basi mmoja wao atahama. Na Yesu mimi simhamishi."

"Baba Noela, nakuomba."

"Shambani kwako sitaimba," akasema. "Nitakwenda mbali, nisikukwaze. Lakini kunyamaza kabisa siwezi, mke wangu. Nitamwambia nini?"

Kaondoka na goti lake bovu, kashuka mtoni. Sasa hivi mto ni mchanga mtupu wenye vidimbwi. Kavuka, kapanda yale majabali makubwa ya ng'ambo. Huko anaimba ameelekea upande wa pili, hata sauti yake haifiki hapa.

Nimekaa nimekasirika kutwa. Kwa nini hakugomba? Angegomba ningemjibu.

Alhamisi, 5 Desemba

Duara limezidi kimo cha mtu mara tatu. Mawe bado meupe matupu.

Jumatano, 11 Desemba

Nimechora nyumba kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari hili. Vyumba vinne, varanda mbele, jiko ndani. Nimemwonyesha Ndaki. Akaigeuza geuza. "Nzuri," akasema. "Wewe unalala wapi?" Nikamwonyesha. Akaweka kidole pale, akatabasamu. Hakuuliza yeye analala wapi.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Nimeimba na kwaya. Hosiana ananiambia nimeingia mapema mara mbili, mimi! Biblia niliiacha nyumbani, nikasema nimesahau. Nashindwa kuubeba mfuko ule kanisani.

Alhamisi, 2 Januari 2025

Ndaki anarudi kila siku saa moja na nusu, suruali imelowa mpaka magotini. Mto umeanza kutembea. Namkaushia nguo, nampa uji. Nyumba ina ukimya ambao siujui. Miaka yote hii nilidhani saa kumi na mbili naamshwa na majogoo.

Alhamisi, 9 Januari

Leo suruali imelowa mpaka kiunoni. Nikamwambia, "Baba Noela, acha kwenda mpaka maji yapungue." Akajibu kwa upole, "Nikiacha leo kwa maji, kesho nitaacha kwa umande."

Ana miaka sitini na saba. Nilimwekea maji ya moto ya goti. Nikamkanda mwenyewe. Akasinzia mguu ukiwa mapajani mwangu, na mimi nikakaa hivyo hivyo mpaka uji ukaungua.

Jumamosi, 18 Januari

Jiwe limeanza kubadilika! Cornel kanionyesha pande lenye kutu nyekundu na vichembe. Anasema ikifika Alhamisi watakuwa wameukuta mwamba wenyewe. Tatizo ni maji, yanatoka chini na juu, kwa hiyo wamekodi pampu, inanguruma saa ishirini na nne. Ikizimika kidogo tu, maji yanarudi na kuta zinalegea. "Mama, ombea pampu," kaniambia. Kisha akakumbuka masharti, akajishika mdomo.

Nimeongeza chumba cha tano kwenye mchoro.

Jumanne, 21 Januari

Naandika yote, yasije yakanipotea.

Asubuhi haikunyesha hapa. Anga jeupe, shwari. Ndaki alivuka kama kawaida, maji ya magoti. Kumbe mvua kubwa ilipiga huko juu mto unakotoka. Kwenye saa moja na robo nikasikia mngurumo tofauti na wa pampu. Nikatoka. Mto umekuja wote kwa pamoja, mwekundu, na magogo na mabua ya mahindi ya watu na kuku mmoja juu ya ubao.

Nikasema atakuwa juu ya majabali, atakaa huko. Ikafika saa mbili. Ikafika saa tatu. Nikaona kofia yake inapita kwenye maji.

Sijui nilifikaje ukingoni. Niliita, "Baba Noela! Ndaki!" Miaka thelathini nimekuwa nikiona ndugu wa wagonjwa wakilia hivyo kwenye korido, na mimi nawaambia, tulieni, mama, tulieni. Ng'ambo hakuna mtu juu ya majabali. Chini kuna kona ya mto na mianzi na miti, huoni kitu. Mto unanguruma mbele, pampu inanguruma nyuma. Hata kama angekuwa anaita, ningemsikia wapi?

Nikapanda mbio mpaka kwa Cornel. "Zima pampu!"

"Mama, wamefika kwenye mwamba sasa hivi, jiwe ndio linatoka. Nikizima..."

"Watoe watu wako, uzime. Mume wangu yuko mtoni, nataka kumsikia."

Akaniangalia, akaangalia shimo. Simlaumu. Na mimi niliangalia shimo, naandika ukweli hapa. Niliiona ile varanda. Nikaona na kidole chake pale kwenye mchoro, ananiuliza mimi nalala wapi.

"Cornel, mwanangu," nikasema, "zima."

Akapiga mluzi, vijana wakapanda kwa kamba mmoja mmoja, akazima. Tukasikiliza. Mto tu. Nikaita tena, sauti ikanikauka. Kuita hakufiki mbali, inayofika mbali ni sauti ya kuimba, hilo alikuwa akiniambia yeye mwenyewe tangu tuoane na mimi nikamcheka. Mahali pa juu kuliko pote shambani ni kifusi cha duara. Nikapanda. Mmoja wao akasema, "Mama, mwanamke hapandi hapo!" Nilikuwa nimeshapanda.

Nikaimba wimbo wa Ndaki. *Wabeja Yesu, asante Yesu, ng'ombe wangu walikwenda, wewe hukwenda.* Kwa sauti yote niliyo nayo, nota sikuzikumbuka wala sikuzitaka. Nikafika ubeti wa pili. Ubeti wa pili siujui! Nimeuziba masikio miaka kumi na moja. Ninajua tu kuna paa. Nikaimba paa langu, paa langu linavuja, Yesu, nikachanganya, nikarudia hapo hapo kama mlevi, huku nalia, paa langu linavuja.

Na kutoka chini, nyuma ya kona, ikaja sauti. Imechoka, imekwaruza, lakini ni yake. Ilikuwa inaimba ubeti wa pili:

*Paa langu linavuja, Yesu, lakini hujanilaza nje.*

Cornel akawa wa kwanza kukimbia. Alichomoa kamba ya duara, ile nene ya kushukia, akaitupa begani, wenzake wakamfuata. Ndaki alikuwa katikati ya maji, amekumbatia mti wa mkuyu, alikuwa amejaribu kuvuka na gogo likampiga. Walitupa kamba mara nne. Mara ya tano akaishika. Vijana watano walimvuta kama wanavyovuta jiwe, na Cornel akaingia mpaka kifuani kumpokea.

Nilimpima mapigo ya moyo kwa mazoea, kisha nikashindwa kuhesabu, nikamshika tu.

"Mkono ulitaka kuachia," akaniambia tulipofika nyumbani, nimemvingirisha mablanketi yote. "Nilimwambia Yesu, haya, nakuja. Halafu nikasikia mtu anaimba wimbo wangu. Vibaya! Ubeti wa pili wote umeuharibu. Nikasema hapana, siwezi kufa nikauacha hivi. Nikaanza kukurekebisha."

Nilicheka mpaka nikalia tena.

Jumatano, 22 Januari

Duara limejaa maji mpaka mdomoni, na ukuta wa upande wa mashariki umeanguka. Cornel kaja kuaga. Wenzake wanasema dhahabu imekimbia, masharti yote yamevunjwa kwa siku moja, sabuni tu ndiyo ilibaki. Wanahamia kwenye rashi mpya, machimbo yanayokimbiliwa na watu, upande wa Geita.

"Umetukimbizia mali, mama," akasema, lakini hakusema kwa hasira. Akakaa kwenye kigoda akanywa uji. Akamwuliza Ndaki, "Baba, ulikuwa huogopi kukosa?" Ndaki akasema, "Nilikosa ng'ombe mia na ishirini, nikajua kukosa kukoje. Kumkosa yeye ndiko nisikokujua, na sitaki kukujua." Cornel akaweka kikombe chini. Kabla ya kuondoka akaomba aoge kwa sabuni. Nimempa mche mzima.

Namwona mtoto mzuri. Kwa miezi miwili nilikuwa naona karai lake tu.

Alhamisi, 23 Januari

Nimemwambia kuhusu mzizi. Nilichukua mfuko wa Biblia nikauweka mbele yake mezani, nikatoa kile kitambaa cheusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Nikasema, mimi ndiye mwanakwaya, mimi ndiye ninayekufafanulia mahubiri, na hiki nimekilaza pamoja na Neno la Mungu tangu Novemba. Nikasema nilimtaka Yesu na vigae pia, na ilipobidi kuchagua nilikutuma wewe mtoni.

Akakigeuza mkononi kama alivyougeuza mchoro wangu. "Kimefanya kazi gani?" akauliza.

"Hakuna."

"Basi ni kibaya kuliko mavi," akasema, akakitia jikoni chini ya sufuria. Maharage yakachemka. Kisha akanishika mkono, na hakuuachia hata nilipotaka kukoroga maharage.

Jumapili, 26 Januari

Nimesimama mbele ya kanisa nimeungama. Hosiana kalia kuliko mimi. Mchungaji kaniombea. Nimerudi kwenye kiti changu cha sauti ya pili, miguu mepesi.

Jumanne, 4 Februari

Tunapandikiza mpunga kwenye majaruba. Mgongo! Ndaki bado anakohoa, nimemkataza kuimba kwa amri ya muuguzi. Safari hii kanitii.

Jumatano, 12 Februari

Ndama wanakunywa kwenye duara. Maji yametulia, safi, vyura wamehamia. Kaja mtu mwingine na karai, anaulizia kama tutafungua tena, anasema yeye hana masharti ya mganga. Labda. Tumemwambia aje baada ya mavuno, tutaongea, na asubuhi kunaimbwa hapa. Kama dhahabu iko chini ya maji, iko. Nimelala vizuri.

Jumapili, 16 Februari

Mvua kubwa. Tumesogeza kitanda upande wa pili wa chumba. Miaka yote hiyo na hakuna aliyewaza kukisogeza! Sasa panavuja sakafuni tu. Mchoro wa nyumba nimeuacha palepale ukurasa wa mwisho, si dhambi kutaka jiko la ndani.

Jumatatu, 24 Februari

Kikohozi kimeisha. Saa kumi na mbili kasoro nimesikia mlango, nikasikia jembe likigonga kizingiti. Nimeamka, nimejifunga kanga, nimemfuata. Kasimama pale pale pake, katikati ya mahindi yanayofika kifuani. Kaniona, kasogea kidogo kunipa nafasi, kana kwamba tulishapanga.

Tumeimba wa kwanza. Ulipofika wa pili, Hosiana alikuwa anapita njiani na ndoo kichwani. Nimeuimba huo wa paa kwa sauti yangu yote mpaka kasimama. Katikati nimekosea. Ndaki kanyamaza, kanigeukia, kanifundisha mstari ule taratibu, neno kwa neno, huku anatabasamu.

Safari hii nilikosea makusudi.